Kitufe cha Kufuta

Kila Jumamosi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Plagi alikuwa na kazi zake, na hakuna hata moja aliyoipenda. Alifagia sakafu ya karakana, akamwaga vumbi la mbao pale palipodondoka oili, akapanga spana kwenye ubao kwa ukubwa wake. Kisha alijaza ndoo maji ya sabuni na kusimama mlangoni akisubiri kutumwa. Kutumwa ndiko kulikomuudhi kuliko yote.

Jina lake halisi halikuwa Plagi. Kaka yake ndiye aliyempachika, kwa maelezo kwamba plagi ni kidude kidogo ndani ya injini ambacho kazi yake ni moja tu, kuwasha moto. Jina likamganda. Wateja walilitumia, walimu wakalichukua, na hata mama yao, ambaye ndiye mwenye karakana na ndiye fundi, alimwita hivyo siku za kawaida. Akikasirika alimwita "wewe binti".

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati mbele ya nyumba yao. Magari mawili yalienea kwa kubanana. Ukutani palikuwa na kabati la chuma, na kwenye rafu yake ya juu ilikaa mashine ya kusomea kodi.

Kodi zenyewe si zile zinazolipwa serikalini, ingawa wateja hawakuchoka kuufanya mzaha huo. Magari ya siku hizi yana kompyuta ndogo inayoichunga injini. Ikiona jambo lisilo la kawaida huwasha taa ya njano mbele ya dereva na kujiandikia namba ya kosa. Fundi huchomeka mashine chini ya usukani na kuisoma namba hiyo.

"Lakini kodi si jibu," mama alizoea kusema. "Kodi ni malalamiko. Mtu akilalamika tumbo humpasui hapo hapo. Unamuuliza kwanza amekula nini."

Kaka yake, aliyemaliza sekondari na kuanza kujifunza ufundi hapo nyumbani, alikuwa na ruhusa ya kuishika mashine. Plagi, wa darasa la saba, alikuwa na ruhusa ya kushika tochi.

Asubuhi hiyo gari dogo la bluu liliingia likitikisika. Lilikuwa la Mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, na hakuwaacha wasahau.

"Shikamoo, Bi Mkunga," Plagi alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umerefuka! Nilipokupokea ulikuwa hata mkate umekuzidi." Akageukia karakana. "Fundi uko wapi? Hii taa imenitolea jicho tangu juzi. Nikisimama njia panda gari linatetemeka kama lina homa."

"Nipo chini huku," sauti ya mama ilitoka chini ya gari la mizigo alilokuwa akilitengeneza breki.

"Kompyuta itakuwa imeandika kodi," kaka alisema.

"Kodi gani tena, na gari nimelilipia juzi juzi tu!"

Kaka alicheka kwa adabu, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia mzaha huo.

Mzaha wa Mkunga haukudumu. Alasiri ile alitakiwa kupanda mlimani, kwenye zahanati ya juu. Kulikuwa na mama mjamzito wa mapacha ambaye uzazi wake wa kwanza ulimwendea vibaya, na huko juu hapakuwa na mkunga mwingine. Barabara ya kwenda huko ilipanda kwa kona kali, na upande wa pili ilishuka kwa kona kali zaidi.

"Niachie gari," mama alisema. "Nikimaliza breki hizi nalishika lako. Mwanangu atakusomea kodi kwanza. Nenda ndani ujinyooshe, macho yako yanasema hukulala."

Mkunga aliingia ndani bila kubisha. Plagi akaweka ndoo chini.

"Mama, leo niisome mimi."

"Uisome wewe?" kaka alidakia.

"Naijua. Najua pa kuichomeka, najua namba inatokea wapi, najua na ile picha."

"Unajua kubonyeza tu. Hata kuku anajua kudonoa."

Plagi alihisi masikio yakipata moto. "Afadhali kuku. Nani aliyemfutia taa mwenye duka la saruji, injini yake ikaungua njiani?"

Uso wa kaka ulibadilika. Jambo hilo lilitokea mwaka uliopita. Mteja alikuwa na haraka, kaka akamfutia kodi bila kutafuta chanzo, taa ikazimika, mteja akaondoka akitabasamu. Hakufika mbali. Mama alimwambia kaka siku ile kwamba akirudia, hatakuwa na kazi tena katika karakana hiyo.

"Wewe binti!" mama alisema kutoka chini ya gari. "Utashika mashine siku utakapojua kushika ulimi. Chukua ndoo hiyo, uoshe vioo vya gari la Mkunga. Basi."

"Lakini yeye ndiye aliyeniita..."

"Nimesema basi."

Kaka alimpita akiwa amebeba spana, akanong'ona, "Kuku, vioo vinakungoja."

Plagi alisugua kioo cha mbele mpaka kitambaa kikalia. Aliyeanza alikuwa nani? Aliyeambiwa anyamaze alikuwa nani? Ilikuwa hivyo kila mara, na kila mara mama alikuwa chini ya gari, anasikia nusu ya maneno, na nusu hiyo ni yake yeye.

Breki zilipokamilika, kabla kaka hajaisoma kodi, mama alimchukua wakalitoa gari la mizigo kwenda kulijaribu barabarani. Karakana ikabaki kimya. Plagi alilitazama kabati. Kisha akaburuta kigoda, akaichukua mashine.

Nia yake ya kwanza haikuwa mbaya. Alitaka kusoma tu. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akapapasa chini ya usukani mpaka akaipata soketi, akachomeka, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, lakini alishayakariri kwa kuchungulia juu ya bega la kaka yake. Kodi ilikuwa moja. Ilisema injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo.

Akafungua ile picha. Si picha ya kuchora. Kompyuta inapoandika kosa huhifadhi pia hali ya gari ya wakati ule ule, ili fundi ajue kosa lilitokea likiwa linafanya nini. Plagi alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Joto la injini: nyuzi tisini na sita. Mwendo: sifuri. Injini inazunguka polepole, gari limesimama. Petroli inayoongezwa na kompyuta ili kufidia hewa: robo zaidi ya kawaida.

Aliielewa. Ndiyo maana furaha ilimpanda. Angewasubiri, angewaambia, mama angeshangaa.

Honi ililia langoni. Gari la mizigo lilikuwa limerudi, na kabla halijasimama kaka alitoa kichwa dirishani.

"Kuku! Vioo vimeng'aa, au bado unavilamba?"

Mama, kwenye usukani, alicheka.

Kama mama asingecheka, huenda mambo yangekwenda vingine. Plagi aliinama chini ya usukani asionekane. Akawaza: yeye ndiye atakayekuja kuchomeka mbele ya mama, kwa majivuno yake yote. Asikute kitu. Abaki anatumbua macho. Kidole kilikwenda chini ya orodha, kwenye kitufe cha kufuta. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Alikuwa nao. Taa ya njano ikazimika.

Kaka alipoingia, mashine ilikuwa kwenye rafu yake na Plagi alikuwa akikamua kitambaa.

Dakika chache baadaye Mkunga alitoka ndani akipangusa uso. Kaka alichomeka mashine, akakunja uso, akachomoa, akachomeka tena.

"Hakuna kodi."

"Hakuna vipi?" Mkunga alisema. "Taa si hiyo..." Akachungulia. "He! Imezimika."

"Imezimika yenyewe. Pengine ilikuwa petroli mbaya, imeshaisha. Gari zima."

Plagi hakuwa ametarajia hilo. Kaka yake hakutumbua macho hata kidogo. Alilitangaza gari kuwa zima, na Mkunga alikuwa tayari ameshanyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Ngoja," mama alisema. Alikuwa akifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja. "Nionyeshe vipimo."

"Vipimo vya nini, mama? Hakuna kodi."

"Nionyeshe vipimo."

Kompyuta ya gari hujipima yenyewe wakati gari linaendeshwa: inapima sensa, yaani vihisio vyake, inapima petroli, inapima moshi. Kila kipimo kikiisha, huandika kwamba kimekamilika. Mtu akifuta kodi, vipimo vyote navyo hurudi mwanzo. Mama alipitisha kidole kwenye kioo cha mashine, mstari kwa mstari.

"Havijakamilika," alisema. "Hiki hakijakamilika. Hiki hakijakamilika. Hakuna hata kimoja. Gari hili limeendeshwa wiki nzima, linakuwaje kama limezaliwa leo?" Akainua uso. "Umefuta."

"Sijafuta!"

"Umefuta ili umalize haraka."

"Mama, naapa sijagusa kitufe hicho. Nimechomeka sasa hivi, umeniona."

"Mwaka jana pia uliapa."

"Mwaka jana nilifuta, nikakubali! Leo sijafuta!"

"Mashine haina miguu. Haikushuka kabatini ikajifuta." Sauti ya mama haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. "Nilikuambia siku ile, na sirudii. Vua ovaroli."

Kaka alisimama kama amepigwa kofi. Kisha akafungua vifungo kwa nguvu hadi kimoja kikaruka, akaitupa ovaroli juu ya boneti.

"Sawa. Nakwenda kwa baba mdogo mjini. Hata nikibeba mizigo huko, nikisema neno nitaaminiwa."

Akaingia ndani. Walisikia kabati la nguo likifunguliwa na kubamizwa.

"Fundi, ugomvi wenu mtaumaliza," Mkunga alisema, naye sasa amekasirika. "Mimi nina mama wa watu mlimani. Nipe ufunguo."

"Sikupi."

"Gari ni la nani?"

"Ni lako. Na ukikwama kwenye kona na giza linaingia, litakuwa lako vile vile. Taa ilikuwa na sababu. Imezimwa taa, sababu ipo pale pale."

"Basi itafute!"

"Nianzie wapi?" Mama alipiga kiganja kwenye bodi. "Hata kodi yenyewe siijui. Kulikuwa na picha ndani humu, imefutika nayo. Nifungue pampu ya petroli? Nibadilishe sensa? Nikague bomba lipi la mpira, kati ya mipira yote hii? Naweza kumaliza siku nzima nikitafuta kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa."

Mkunga alianza kupiga simu akitafuta gari la kuazima. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa safarini.

Plagi alikuwa bado ameshika kitambaa. Alikuwa ametaka kaka yake aonekane mjinga kwa dakika moja. Badala yake kaka alikuwa ameonekana mwongo, na sasa alitoka ndani na begi begani, macho mekundu, akapita katikati yao bila kumtazama mtu. Plagi alijaribu kuitafuta ile hasira iliyokuwa imemjaa asubuhi, imsaidie kunyamaza. Ilikuwepo, lakini ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye.

"Tisini na sita," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Kaka alikuwa amefika langoni.

"Nyuzi tisini na sita!" alipiga kelele. "Mwendo sifuri! Hewa nyingi, petroli kidogo! Kompyuta ilikuwa inaongeza robo!"

Mama aligeuka. "Umesema nini?"

"Ndiyo ilivyoandikwa. Niliisoma mlipokuwa barabarani. Halafu nikafuta. Ni mimi, mama, si yeye. Nilitaka asikute kitu, kwa sababu ananiita kuku."

Mkunga alishusha simu sikioni.

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimtazama tu, na Plagi aliona afadhali angepigwa. "Wewe binti," hatimaye alisema, "ulimsikia akiapa. Ulisimama hapo na kitambaa chako, ukamsikia."

"Ndiyo."

"Nenda..." Mama alinyoosha kidole langoni, kisha akaushusha mkono. "Hapana. Aliyemfukuza ni mimi."

Akatoka mwenyewe, mikono ikiwa bado na grisi, akamfikia kaka kwenye kona ya barabara. Plagi alifuata kwa mbali, akasikia kila neno kwa sababu wote wawili walikuwa wakizungumza kwa hasira.

"Rudi, baba. Si wewe."

"Nilikuambia si mimi."

"Uliniambia. Sikukupima. Nilisoma kosa lako la mwaka jana, nikakuhukumia la leo. Fundi gani anafanya hivyo?"

"Umenivua ovaroli mbele ya mteja."

"Nimekuvua. Nisamehe. Na nitayasema haya mbele ya mteja huyo huyo."

Kaka aliangalia barabara inayokwenda mjini, kisha akaliangalia begi lake. "Ni nani?"

Mama aligeuza kichwa nyuma. Plagi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, akilia bila sauti.

Kaka alirudi, lakini hakurudi akitabasamu. Mama alitimiza neno lake mbele ya Mkunga, kwa sentensi mbili zilizo wazi, naye kaka akaokota ovaroli juu ya boneti na kuivaa bila kile kifungo kimoja. Plagi alipomsogelea na kusema, "Kaka, nisamehe," alijibu akiwa ameinamia injini:

"Ondoka kwenye mwanga wangu. Shika tochi."

Alishika tochi.

"Haya, tuseme kweli ni kama alivyosoma," mama alisema. "Gari limesimama na injini ina moto. Hilo linaondoa nini?"

"Linaondoa pampu," kaka alijibu, bado kwa ukali. "Pampu mbovu ingelalamika likipanda mlima, injini inapotaka petroli nyingi."

"Na likisimama?"

"Likisimama injini inavuta hewa kwa nguvu kupitia nafasi ndogo. Kama kuna mpira umepasuka, hapo ndipo hewa ya wizi inaingia. Na mpira ukipata moto unalegea, ufa unafunguka."

"Liwashe. Usifungue kitu mpaka lipate moto."

Waliliacha gari likinguruma. Mwanzoni lilitulia vizuri kabisa, kiasi kwamba Mkunga alianza kutikisa kichwa. Kisha mshale wa joto ulipopanda, sauti ikabadilika. Injini ikaanza kutetemeka, na chini ya mtetemo huo Plagi alisikia mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kati ya meno.

"Mikono mbali na feni," mama alisema. "Bi Mkunga, ulipokuwa unashika breki siku hizi, pedali ilikuwaje?"

"Ngumu kidogo. Nilidhani ni goti langu, umri umeenda."

Mama na kaka walitazamana. Kaka alichukua chupa ya kupulizia maji, akapuliza kidogo kwenye mpira mmoja, kisha mwingine. Injini haikujali. Akafika kwenye mpira mnene uliopita nyuma kabisa, ukitoka kwenye injini kuelekea kwenye breki. Alipopuliza chini ya kona yake, mluzi ulikatika na injini ikatulia. Maji yalipokauka, ikatetemeka tena.

"Hapa," alisema. "Mulika hapa. Si huko, hapa!"

Plagi alinyoosha mkono kadiri alivyoweza. Kwenye mwanga wa tochi, upande wa chini usioonekana kwa anayesimama, mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Walizima injini na kuiacha ipoe. Kaka alivuka barabara hadi duka la vipuri akarudi na mpira mpya wa aina ile ile, mgumu, maana ule laini hunyonywa ukajibana. Mkunga aliuchukua ule wa zamani, akaukunja, ufa ukafunguka kama mdomo.

"Hebu nieleweshe," alimwambia mama. "Huu unafanya kazi gani?"

"Unasaidia breki. Bila huo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na gari linataka nguvu zako zote kusimama. Tambarare utagutuka tu. Kwenye ule mteremko, injini ina moto..." Hakumaliza.

Mkunga alimgeukia Plagi. Uso wake uliokuwa wa mzaha tangu asubuhi haukuwa na mzaha tena.

"Mimi ndiye niliyekupokea duniani," alisema. "Na wewe ungenitoa. Mimi, na yule mama wa watu angebaki ananisubiri na wanawe wawili tumboni. Kwa sababu umeitwa kuku!"

"Ndiyo, Bi Mkunga."

"Usiniambie ndiyo kama unaitikia darasani. Unaelewa?"

"Naelewa. Nilipomsikia anasema gari ni zima, nilijua si zima, na nikanyamaza. Hilo ndilo baya zaidi."

Mkunga alipumua kwa nguvu. "Afadhali umelijua mwenyewe. Ningekukumbusha kila siku ya maisha yako."

Mpira mpya ulipokazwa kwa vibano viwili, mama alimpa kaka mashine. Sasa ndio ulikuwa wakati halali wa kufuta lolote lililobaki. Kisha waliwasha injini tena, wakaiacha ipate moto, na safari hii ilinguruma kwa sauti moja. Mama alikaa kwenye usukani na kumwendesha Mkunga hadi kilima cha karibu. Huko alishika breki mara nyingi, akapanda, akashuka, kisha akarudi. Ndipo alipompa ufunguo.

"Taa haikurudi na pedali ni laini," alisema. "Vipimo vichache vimeshakamilika, vingine vinataka mwendo mrefu. Nenda na urudi, nikisome tena chombo hiki. Pedali ikiwa ngumu hata kidogo, simama unipigie."

Gari la bluu likatoka. Plagi alianza kukusanya spana bila kutumwa, lakini mama alimwita akae kwenye kigoda, na kaka naye akaketi juu ya tairi.

"Leo tumekosea wote watatu," mama alisema, "nami nitaanza na langu. Nilisikia ugomvi wenu nusu nusu, nikahukumu nusu nusu. Nikacheka nisipopaswa kucheka. Wewe," akamtazama kaka, "hukufuta, lakini uliona mashine iko tupu ukasema gari zima. Kukosa kodi si uzima. Pengine maana yake ni kwamba hakuna aliyepima."

Kaka aliinamisha kichwa. Alilijua hilo.

"Na wewe, Plagi. Sikukatazi kukasirika. Ulionewa, na hasira yako ilikuwa na sababu. Hasira ni kama ile taa. Inakuambia kuna jambo haliko sawa. Ungeniambia, 'Mama, yeye ndiye aliyeanza, na mashine naijua.' Ningekasirika, lakini ningelazimika kukusikiliza. Wewe ukachukua hasira ukaficha ukweli nayo, na ukweli uliofichwa haumchagui wa kumuumiza. Ulimlenga kaka yako. Angeumia Mkunga, na mama mmoja ambaye hata jina lake hatulijui. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ndiyo sababu mpira ule umepatikana. Hilo nalo nimeliona."

"Nitaishika tena mashine?" Plagi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwulize kaka yako. Ndiye uliyemharibia jina."

Kaka alinyanyuka, akajipangusa. "Sijui," alisema. "Leo sitaki hata kuongea nawe." Akaenda kutafuta kifungo chake sakafuni. Baada ya muda Plagi naye alipiga magoti, akatafuta upande wa pili. Hakuna aliyekipata.

Mkunga alirudi Jumatatu jioni, amechoka, nguo zimejaa vumbi. Mapacha walikuwa wamezaliwa salama, wasichana wawili wenye sauti ambazo, alisema, zingefaa kwa honi ya lori. Alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kigoda, akavua viatu.

Kaka alichomeka mashine na kuchuchumaa kando ya mlango wa gari. Plagi alikuwa amesimama mbali, kitambaa mkononi.

"Njoo," kaka alimwita bila kugeuka. "Macho yako ni mazuri kwa maandishi madogo. Soma kwa sauti, mama asikie. Soma kila mstari, hata usioupenda."

Plagi alikaribia, akaanza kusoma.